Miguu ya Baba Elia

Tangu wakimbiaji waruhusiwe kuhamishia uchovu wao kwa ndugu aliyeridhia, nyumba nyingi za Katesh zilikuwa na mgonjwa asiyeumwa. Basilisa aliridhia kwa mapenzi, akajuta kila asubuhi. Mumewe, Tluway, alipanda Mlima Hanang mwepesi kama swala, huku yeye jikoni akijishikiza mezani, mapaja yakimwaka moto, ugali ukiungua.

“Baba Elia, leo umeshapanda mara mbili! Mashindano ni Jumapili, pumzika.”

“Mbona sijachoka?” Tluway alijibu, akifunga kamba za viatu.

“Utachokaje, na anayechoka ni mimi? Hata kocha kasema mwili una mwisho wake.”

“Kocha mwoga tu yule. Naenda mara moja narudi.”

Akatoka mbio. Basilisa akasonya, akajitupa kwenye kochi, akamlaani yeye na mlima wake. Maumivu yakampanda toka nyayo hadi kiunoni, kisha kifuani, mpaka akang'ata kitenge.

Ghafla yote yakakoma. Miguu ikawa miepesi kama ya msichana.

Basilisa akasimama bila kujishikiza popote. Akaenda mlangoni, akautazama mlima, akaanza kumwomba Mungu miguu imuume tena.