Fungu la Baba

Khitma ya baba yake ilikuwa bado inasomwa barazani, Shaame alipojipenyeza uani, akainamia sufuria kubwa ya pilau na kubandua ukoko. Ulikuwa mkavu, umekolea mafuta na mdalasini, ukivunjika mdomoni kwa mlio. Akafumba macho kwa raha, akasahau hata msiba. Miaka yote ukoko ulikuwa fungu la baba. Wengine walimeza mate tu.

Alipofumbua macho, mama yake alikuwa mlangoni, amejitanda kanga, anamtazama.

"Kula, mwanangu," alisema taratibu. "Mwenyewe hayupo tena."

Kipande kilikuwa bado mdomoni. Shaame aliinamisha kichwa, akakibana shavuni, akingoja barazani waitikie amina kwa sauti kubwa, apate kukitafuna.