Nguvu Bila Nyama

Nzilani alikataa yai la pili. Alilirudisha mkononi mwa Ndung'u, akajipangusa vidole kwenye suruali na kurudi kwenye chuma.

"Kula," Ndung'u alisema. "Chuma hakiinuliwi na maombi."

"Nilikuambia siku ya kwanza, coach. Nataka nguvu. Mwili ukae vile uko. Mkono ukinenepa hata kidogo, naacha."

Kila aliposema hivyo Ndung'u alimchukia kidogo. Wanawake wengine walikuja kwenye jimu yake ya mabati pale Noonkopir kupunguza tumbo, na vijana walikuja kutafuta kifua cha kupigia picha. Huyu, mwembamba wa kusukumwa na upepo, alitaka kung'oa uzito mkubwa kutoka chini na abaki vilevile. Alikuja asubuhi, akaondoka kabla ya saa sita, na picha hakukubali kupigwa. Siku Ndung'u alipoona alama za bluu juu ya kiwiko chake, alimtukana kwa kushika chuma vibaya. Nzilani aliteremsha mkono wa fulana, akainama tena juu ya chuma.

Lakini Ndung'u alimhitaji, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Mulinge alikuwa mwanafunzi wake. Ndung'u ndiye aliyemfundisha kuinua bila kuvunja mgongo, akamlisha, akamwachia hata funguo za mlango. Kisha Mulinge akafungua jimu yake kando ya lami, yenye vioo ukuta mzima, akaondoka na wanafunzi karibu wote. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Ndung'u kilikula kikashiba. Hata baada ya kushiba hakikunyamaza. Mulinge alijaza simu za watu video za kujisifu: kifua chake, gari lake, nyama anayokula, mke wake Mama Rebecca aliyetulia nyumbani Kisaju asiyejua kubisha, na yule mzee wa Noonkopir mwenye vyuma vya kutu. Ndung'u alizitazama zote, na kila moja ilimharibia chakula.

Sasa kulikuwa na mashindano Kajiado. Kwa wanawake wa uzito mwepesi, Mulinge alikuwa anampeleka msichana wa jimu yake, Jackie, na kila mtu alijua atashinda. Ndung'u hakuwa na mwingine wa kupeleka ila Nzilani. Ndung'u akishindwa tena mbele ya Mulinge, hakuna mtu mwenye akili angebaki kwake. Angefunga mlango aende kulima vitunguu kwa shemeji yake.

Kwa hiyo alimfundisha kwa hasira. Hakumpa kazi ya kujaza misuli, ile ya kuinua mara nyingi hadi mikono iwake moto. Alimpa uzito mkubwa mara tatu tu, kisha pumziko refu, kisha mara tatu tena.

"Nyama si lazima iongezeke," alimwambia. "Mwili wako uko na nguvu umeficha. Tunaufundisha kuitoa yote mara moja. Na usinitolee macho, inama."

Kwa chaki aliandika jina MULINGE kwenye sahani kubwa ya uzito, pale mwisho wa chuma.

"Huyo mbwa hujisifu ako na kilo mia moja na tano. Siku utamtoa chini mzima mzima, uko tayari."

Nzilani alilisoma lile jina. Ndung'u hakuwa amewahi kumwona akitabasamu, na siku hiyo alitabasamu hadi meno yakaonekana.

Kuanzia hapo hakuhitaji kutukanwa. Aliinama mbele ya lile jina kila asubuhi, akashindwa, akatema mate nje ya mlango, akarudi. Sahani ziliongezeka chumani, yeye hakuongezeka. Nguo zilimkaa vilevile, na mizani ya Ndung'u haikusogea. Hata fundi viatu wa jirani alimuuliza Ndung'u kama yule mgonjwa wake bado anakuja.

Jumatano kabla ya mashindano, chuma kiliondoka chini na kilo zote mia moja na tano. Kilipanda hadi mapajani, kikatulia hapo. Nzilani alisimama nacho wima, akavuta pumzi, kisha akakiteremsha taratibu.

"Kwa hivyo niko tayari?" aliuliza.

"Uko tayari. Jumamosi, saa mbili, Kajiado. Usinichelewe."

"Asante, coach."

Jumamosi hakuja.

Jina lake liliitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndung'u alipiga simu ikawa haipatikani. Jackie akainua, akashinda, na vijana wa Mulinge wakageuka wote kumtazama mzee wa Noonkopir aliyeleta mfuko wa mayai bila mwanamke wa kuyala. Mmoja alimuuliza kama mpinzani amepeperushwa njiani. Ndung'u alimlaani Nzilani kimoyomoyo, yeye na wembamba wake na siri zake. Alitaka kuondoka, lakini Mulinge alikuwa ameapa kwenye video kuja kumpa pole mbele ya watu wote, na Ndung'u hakutaka aonekane anamkimbia.

Mulinge aliingia wakati medali zinatolewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta hadi begani, na jicho moja limefura. Alitembea polepole, hatua moja nyuma ya mwanamke mwembamba mwenye gauni la kanisani. Vijana waliacha kucheka. Mwanamke alikuja moja kwa moja hadi mbele ya Ndung'u.

"Nisamehe, coach," Nzilani alisema. "Mimi nilimaliza yangu Alhamisi."

Kisha akageuza shingo.

"Baba Rebecca, salimia coach."

Mulinge akatazama sakafu, akatoa mkono wa kushoto.