Mfupa Chini ya Nyuzi

Kiongozi wa bendi alimwambia Mwanakheri kwamba gitaa lake halisikiki, hivyo kwenye harusi ya jioni wangepiga bila yeye. Aliporudi nyumbani aling'oa kile kipande cha plastiki kilichobeba nyuzi, akasugua mfupa wa ng'ombe kwa msasa hadi ukaingia sawasawa mahali pake.

“Utaliua kabisa,” alisema Shomvi, mumewe.

“Kwani sasa hivi liko hai? Shika hapa nikaze nyuzi.”

Alipiga mara moja. Sauti ilitoka nene, ikajaa chumba, ikafurika nje. Wote wawili wakaangua kicheko.

“Hebu tena!”

Alipiga tena. Ng'ambo ya ukuta, jirani aliyekuwa akitwanga alisimamisha mchi, kisha akaanza upya, akilifuata gitaa. Mwanakheri akatoka peku barabarani, huku akipiga.