Mume Aliyechelewa

Mjane wa Danson aliyasoma maneno kwenye kompyuta, akayarudia, kidole chake chenye makovu ya mkonge kikipita juu ya kioo: "Mume aliyechelewa: Danson."

"Amechelewa wapi?"

"Kwa Kizungu ni 'late', mama, nikatafsiri," alisema fundi wa Nairobi, aliyewatengenezea wajane wasuka vikapu ukurasa wa mtandao.

"Huyu alipiga kengele ya stesheni ya Voi miaka ishirini na sita, hakuchelewa hata siku moja! Amekufa, baba. Ni marehemu. Toa hilo neno!"

"Tutalitoa wiki ijayo. Wafadhili wanaufungua ukurasa saa sita. Wewe bonyeza tu 'Kubali'."

"Na wenzangu?"

"Neno limeandikwa mara moja tu, kwenye faili. Linawatokea nyote thelathini na wanne."

Thelathini na wanne, waume wote wamechelewa! Mjane akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta.

"Nionyeshe hilo faili."

"Mama, kwani unajua kuchapa?"

"Mungu ni shahidi, neno 'marehemu' nililiandika kwenye msalaba wa kaburi lake kwa mkono huu."

Akaanza kuitafuta herufi M kwenye vitufe.