Ukwaju wa Mwalimu Mbega

Katika shule ya ngedere waliobalehe juzi, walikofundishwa kuruka matawini, sheria ilikuwa moja: anayeanguka amletee Mwalimu Mbega ukwaju kutoka chini.

Zaidu hakuwahi kuleta hata mmoja, na alijisifia hilo kila asubuhi. Siri yake ni kwamba kila tawi likiwa mbali, alisingizia kuumwa tumbo ili asiruke. Chiku ndiye aliyemlisha mwalimu. Alianguka, akajipangusa, akapanda na ukwaju wake kwapani, akaruka tena.

"Mwenzangu, si uhamie kabisa huko chini?" Zaidu alimtania.

Siku ya mtihani, tawi walilokalia wote wawili likakatika, wala halikuuliza nani hodari. Chiku alijikunja kama alivyozoea, akatua kwa miguu. Zaidu alitua kwa uso katikati ya upupu, akabaki kujikuna na kulia kwamba maisha yake yamekwisha.

"Hayajaisha," alisema Chiku akimvuta mkono. "Mara ya kwanza huwa hivyo. Kesho nitakufundisha kujikunja."

Zaidu akauliza kwa sauti ndogo, "Na sasa nifanye nini?"

"Okota ukwaju. Mwalimu anapenda ulioiva."