Mama wa Dizeli, Baba wa Petroli

“Gari hili la petroli likifika mlimani litasimama kuomba radhi,” alisema yule mama, akalipiga tairi teke.

“Na lako la dizeli linakohoa kama mzee wa tumbaku,” alijibu yule baba. “Wajukuu watadhani babu karudi.”

Kimya alisimama katikati yao, funguo tatu mkononi. Jina hilo alipewa hapo hapo kwenye yadi ya magari, kwa sababu katika miaka miwili ya kuyaosha hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya mteja. Asubuhi ile mjomba wake, mwenye yadi, alimkalisha kwenye meza ya mauzo. “Uza gari moja leo, kiti hiki ni chako. Usipouza, kesho unarudi kwenye ndoo.”

Sasa ilikuwa saa kumi jioni, na siku nzima walioingia getini walikuwa hawa wawili tu.

Magari yalikuwa matatu, yote yaliyokwisha kutumika, yote ya familia, yote ya kuvuta kwa magurudumu manne. Moja la dizeli, moja la petroli, na moja la petroli lililofungwa mtungi wa gesi.

“Mnatembea... mnatembea kiasi gani kwa siku?” Kimya aliuliza, macho chini.

“Kilomita nane,” alisema baba. “Shule, soko, nyumbani. Watoto watano, wote wanataka dirishani.”

“Mia mbili,” alisema mama. “Na magunia ya viazi nyuma, matope mpaka kileleni.”

Kimya aliandika nane. Akaandika mia mbili. Akazitazama. Nyumba nyingine zina mambo, alijiambia.

Lakini magari aliyajua. Huwezi kuliosha gari miaka miwili lisikwambie siri zake. Akakohoa kidogo.

“Baba, safari fupi fupi dizeli haipati moto wa kutosha. Masizi yanajaa, injini inaziba. Petroli ndiyo inayofaa.”

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. “Umesikia, mama? Mtoto kasoma huyu!”

“Ila mama naye ana haki. Kwenye mlima na mzigo, dizeli inavuta bila haraka na mafuta haimalizi. Petroli itakunywa kama ngamia aliyevuka jangwa.”

“Umesikia, baba?” Mama alimrudishia kicheko chake chote, akaongeza na chenji.

Kimya akaona amewasifia wote na hajauza kitu. Akawavuta hadi kwenye lile la gesi, kama msuluhishi anayetafuta pa kukanyaga.

“Hili linatumia gesi, nafuu kuliko mafuta. Na gesi ikiisha, unarudi kwenye petroli.”

Baba alifungua mlango wa nyuma. “Mtungi umekalia mahali pa mabegi. Watoto niwafunge juu ya paa?”

“Na mimi kule mlimani gesi nijaze wapi?” alisema mama. “Nipulize kwa mdomo?”

Hapo wakakubaliana kwa mara ya kwanza. Wakagonga viganja, wakacheka pamoja mpaka machozi, kisha wakarudi kule kule walikoanzia.

“Ubishi utakuzeesha, baba.”

“Wewe wako ulianza kazi zamani, naona.”

Dirishani, mjomba alitazama saa, akamtazama Kimya, akatikisa kichwa. Kimya alihisi kile kiti kinamponyoka kama sabuni. Na kwa kuwa hakuwa tena na cha kupoteza, alipaza sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

“Wazazi wangu! Mimi siwezi kuwachagulia. Nendeni nyumbani, mkae chini, mpatane gari moja, kisha mrudi kesho!”

Wale wawili wakatazamana kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

“Nyumbani kwa nani?” aliuliza mama, akanyoosha mkono na kuchukua ufunguo wa dizeli. “Huyu nimemkuta hapo getini, hata jina sijamuuliza.”

“Na mimi nipe wa petroli, binti,” alisema baba. “Mke wangu ananisubiri.”