Goti la Mzee Kimeli

Kilicholeta taabu ni goti. Kwa miaka sita Zeddy alikuwa akisoma kope za mumewe, na sasa huyu msichana wa kutoka Nakuru, Wawira, alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu akisema kope hazina habari yoyote.

"Zinafumba zenyewe, Mama Linah," alisema Wawira, bila ubaya. "Hazimtii. Lakini hili goti la kushoto, hebu ona. Nikimwambia sukuma, anasukuma. Hili ni lake."

Kipchirchir, mdogo wake Mzee Kimeli, aliguna pale mlangoni. Yeye ndiye aliyesafiri hadi Nakuru kumtafuta Wawira, mtaalamu wa kuwasaidia wasioweza kusema. Yeye ndiye aliyewaalika mchungaji na jirani yao Khaemba waje Jumamosi hiyo. Hakuwa amesema kwa nini.

Tangu kiharusi kimwangushe kazini, kwenye kiwanda cha mbao hapo Elburgon, Kimeli hakuwahi kutamka neno. Hilo halikumzuia kuwa msemaji. Watu walikuja na maswali, Zeddy akainama, akatazama kope, akainuka na jibu. Kwa njia hiyo Kimeli alichagua rangi ya milango ya kanisa. Alimpatanisha Khaemba na mtu waliyegombania naye mti ulioangukia choo. Wazee walisema mzee amepata busara ambayo hakuwa nayo alipokuwa na ulimi, na kwa kweli hakuwa nayo.

Mwanzoni Zeddy aliamini anaona kitu. Kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwaka ulipoisha alijua kwamba kope zile hufumba kwa moshi, kwa nzi, na bure tu. Lakini watu walikuwa wamezoea kuja, wakivua kofia mlangoni, wakimsalimia Kimeli kwa jina. Nani angekuja kumsalimia mtu asiyejibu? Akaendelea.

Mwezi wa tatu mwaka huo, kope zilisema shamba la juu, lile linalopakana na msitu, apewe Linah, binti yao aliyerudi nyumbani na watoto wawili na jino moja pungufu. Shamba hilo Kipchirchir alikuwa akilipanda viazi kama lake.

Wawira aliweka tableti mezani mbele ya mzee. Kando ya goti akafunga swichi, kitu chekundu cha duara, kipana kama kifuniko cha kopo.

"Mwangaza utatembea juu ya herufi," alimweleza Kimeli, akimtazama yeye na si mkewe. "Ukifika kwa ile unataka, sukuma. Ukimaliza, itasoma kwa sauti. Hakuna haraka, mzee."

Kimeli aliandika KIMELI. Ilimchukua dakika kumi na moja. Mchungaji alitoa kitambaa akajifuta macho. Hata Khaemba, ambaye si mtu wa machozi, alitoka nje kidogo kuangalia hali ya hewa.

Zeddy alisimama na sufuria mkononi, asijue ameishika ya nini. Alitaka kumkumbatia mumewe, na alitaka pia kukimbia. Kimeli alikuwa mle ndani wakati wote. Alikuwa amesikia kila neno alilotiwa kinywani, kuanzia rangi ya milango.

Kipchirchir alivuta stuli akaketi karibu.

"Ndugu yangu, niko na swali moja tu, mbele ya mchungaji. Ni wewe ulisema shamba la juu apewe Linah?"

Mwangaza ulitembea, goti likasukuma. Khaemba akawa anasoma herufi moja moja kwa sauti, ingawa wote walikuwa wanaziona.

"S. I. K. U."

Zeddy aliweka sufuria chini.

"S. E. M. A."

"Sikusema," alisema Kipchirchir, akawageukia wenzake. "Haya. Mmesoma wenyewe. Sijamlazimisha mtu."

Mchungaji alimtazama Zeddy. Khaemba alitazama viatu vyake, labda akiukumbuka ule mti. Zeddy alifikiria Linah, aliyekuwa huko juu saa hiyo akipalilia na wanawe, akaona afadhali aseme mwenyewe kabla hajasemewa.

"Mchungaji," akaanza, "kuna kitu nilipaswa kuwaambia zamani..."

"Ngoja kidogo, Mama Linah," Wawira alimkatiza. "Hajamaliza. Goti bado linaenda."

Likaenda. Wakasubiri. Kuku aliingia, akawapita wote, akatoka.

"Mara moja," alisoma Khaemba hatimaye.

"Hata mara moja!" Kipchirchir alifafanua, kwa vile nafasi ya mkalimani sasa ilionekana iko wazi. "Hakusema hata mara moja! Shemeji, umesikia?"

Zeddy alikuwa amesikia. Alimtazama mumewe usoni. Kope zilifumba, zikafumbua, zikafumba tena, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakujaribu kuzisoma. Jasho lilikuwa likimtiririka Kimeli kwenye paji la uso. Goti lilitetemeka, likapumzika, likarudi kazini. Wawira alikuwa amemwekea kiganja begani. Mchungaji aliangalia saa yake mara mbili. Khaemba alikuwa ameacha kusoma kwa sauti. Midomo yake ilicheza tu.

Jua lilipoanza kushuka goti likatulia, na ile tableti, kwa sauti ya kike isiyo na wasiwasi wowote, ikasoma yote kwa mkupuo:

"Sikusema mara moja wala mbili. Nimesema miaka yote. Shamba ni la Linah, na mke wangu hajawahi kunikosea hata neno."